Lugha za Umma na Ukuaji wa Sayansi katika Zama za Mwamko wa Ulaya

Utangulizi

Mwaka 1543 una nafasi ya pekee katika historia ya sayansi. Katika mwaka huo, mjini Nuremberg, kilichapishwa kitabu cha Nicolaus Copernicus kilichodai kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, wala si jua linaloizunguka dunia. Mwaka huohuo, mjini Basel, Andreas Vesalius, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alitoa kitabu chake kikubwa chenye sehemu saba kuhusu muundo wa mwili wa binadamu. Vitabu hivyo viwili hutajwa pamoja karibu katika kila historia ya Zama za Mwamko, yaani kile kipindi cha kuanzia karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17 ambapo Ulaya ilifufua elimu ya kale ya Wagiriki na Warumi, kisha ikaanza kuihoji.

Ni mara chache kutajwa kwamba mwaka huohuo, mjini London, kilitoka pia kitabu cha tatu: kitabu cha hesabu cha Robert Recorde kiitwacho The Ground of Artes. Copernicus na Vesalius waliandika kwa Kilatini. Recorde aliandika kwa Kiingereza, lugha ambayo wakati huo wanazuoni wengi hawakuiona kuwa inafaa kubeba elimu ya juu. Kitabu chake hakikugeuza mbingu wala hakikuuchambua mwili; kilifundisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hata hivyo, kilichapishwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 100, na vizazi kadhaa vya Waingereza vilijifunza hesabu kwacho.

Historia ya sayansi ya Zama za Mwamko husimuliwa aghalabu kama historia ya ugunduzi: darubini, dira, baruti, mashine ya kupiga chapa. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yana upungufu. Nyuma ya ugunduzi huo kulikuwa na kazi nyingine, ya kimyakimya, ambayo ni kazi ya lugha. Mada inayojadiliwa hapa ni kwamba sayansi ya Ulaya ilipata nguvu yake mpya pale elimu ya wenye vitabu na ujuzi wa wenye mikono vilipopata lugha ya kukutania. Na kwamba lugha hizo za umma hazikuwa tayari kwa kazi hiyo hapo mwanzo, bali zilikuwa tayari kwa sababu zilitumiwa.

Kilatini na Mgawanyo wa Kazi

Ili kuelewa uzito wa uamuzi wa Recorde, hapana budi kutazama kwanza namna elimu ilivyogawanywa. Katika vyuo vikuu vya Ulaya, kuanzia Bologna na Paris hadi Oxford, mihadhara na midahalo iliendeshwa kwa Kilatini. Kilatini hakikuwa tena lugha mama ya mtu yeyote. Kilijifunzwa shuleni kwa miaka mingi na kwa gharama, nacho kikawa mlango na kitasa kwa wakati mmoja. Nje ya mlango huo walibaki maseremala, wahunzi, mabaharia, wapima ardhi, wachoraji, vinyozi na wakunga. Watu ambao mikono yao ilijua mengi ambayo vitabu havikuyajua.

Mgawanyo huo ulionekana waziwazi katika ukumbi wa kupasulia maiti. Kwa desturi ya zamani, profesa alikaa juu ya kiti kirefu akisoma maandiko ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, na chini yake kinyozi ndiye aliyeshika kisu. Msomaji hakuugusa mwili, na aliyeugusa hakuelewa kilichosomwa. Vesalius, alipokuwa akifundisha Padua, alishuka kutoka kwenye kiti hicho akashika kisu mwenyewe. Ndipo alipobaini kwamba Galen alikuwa amepasua wanyama, kisha akadhani kwamba mwili wa binadamu uko vivyo hivyo. Galen alieleza kwamba taya la chini lina mifupa miwili. Vesalius akaonyesha kwamba kwa mtu mzima ni mfupa mmoja. Kosa hilo lilikuwa limesomwa kwa zaidi ya miaka 1,000 mbele ya watu waliokuwa na taya.

Vesalius aliuvuka mpaka huo kutoka upande wa wasomi. Ambroise Paré aliuvuka kutoka upande wa pili. Paré alikuwa kinyozi mpasuaji wa Kifaransa asiyejua Kilatini. Katika miaka hiyo ya bunduki, waganga waliamini kwamba jeraha la risasi huwa na sumu ya baruti, na kwamba dawa yake ni kulichoma kwa mafuta yanayochemka. Mwaka 1537, katika vita vya Wafaransa kwenye eneo la Turin, mafuta yalimwishia Paré. Kwa kukosa la kufanya, aliwapaka majeruhi waliobaki mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Usiku hakulala vizuri, akihofu kwamba asubuhi angewakuta wamekufa. Alipoamka mapema kuwatazama, aliwakuta wale wa mchanganyiko wametulia, maumivu yao ni madogo, ilhali wale waliochomwa kwa mafuta walikuwa na homa, uvimbe na maumivu makali.

Mnamo 1545 Paré alichapisha matokeo ya uzoefu wake kwa Kifaransa. Jambo hilo lina umuhimu mkubwa kuliko linavyoonekana. Waliotibu majeruhi vitani hawakuwa madaktari wa chuo kikuu, bali vinyozi wapasuaji kama yeye. Kitabu hichohicho kingeandikwa kwa Kilatini, kingewafikia watu wasiotibu majeraha, na kingewapita watu waliokuwa wakiyachoma kila siku. Kwa hiyo uchaguzi wa lugha ulikuwa na maana katika mwili wa askari aliyelala chini akisubiri tiba. Wenye mamlaka ya elimu walilitambua jambo hilo. Kazi za Paré zilipokusanywa na kuchapishwa mwaka 1575, Kitivo cha Tiba cha Paris kilizipinga. Hata hivyo kitabu kilitoka, na mwaka 1582 kilipata tafsiri ya Kilatini. Kwa mara hii elimu ilipanda ngazi kutoka kwa kinyozi kwenda kwa profesa.

Inafaa kumweka karibu na Paré mtu mwingine ambaye naye hakuwa na elimu ya Kilatini ya kutosha, yaani Leonardo da Vinci. Leonardo alijiita mtu asiye na elimu ya vitabu. Katika daftari zake mojawapo aliorodhesha maelfu ya maneno, mengi ya asili ya Kilatini, kama mtu mzima anayejifunza upya kusoma. Aliandika kwa Kitaliano juu ya mtiririko wa maji, misuli, mabawa ya ndege na mitambo. Lakini aliandika kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, na hakuchapisha. Alipofariki mwaka 1519, uchunguzi wake ulibaki katika makaratasi, na mwingine ulisubiri karne kadhaa kabla ya kusomwa na watu. Funzo lake ni kwamba lugha ya umma peke yake haitoshi. Inahitaji pia mashine ya kuchapia, msomaji na mwalimu.

Uundaji wa Maneno

Pingamizi kubwa lililotolewa dhidi ya lugha za umma lilikuwa kwamba hazina maneno. Pingamizi hilo lilikuwa la kweli kama maelezo ya hali. Halikuwa la kweli kama hukumu. Mifano mitatu inaonyesha jinsi lilivyojibiwa.

Mfano wa kwanza ni wa Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg. Mwaka 1525 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha jiometri alichokusudia kiwafae mafundi: wachoraji, wafua dhahabu, wachongaji, waashi na maseremala. Alipofika kwenye mikato ya pia, ambayo Wagiriki waliipa majina yao, alikiri kwamba hajui majina yake ya Kijerumani, akayaunda. Duaradufu aliiita mstari wa yai. Jina hilo lina kisa. Dürer aliichora duaradufu ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kama yai la kuku, kwa kuwa pia hupanuka kuelekea chini. Alikosea, maana mkato huo una ulinganifu pande zote. Lakini kosa lake lilikuwa wazi, mtu wa kawaida angeweza kuliona na kulisahihisha. Neno la Kigiriki lingelificha. Ndiyo maana istilahi inayoeleweka ina manufaa hata pale inapokosea, kwa kuwa humruhusu mwanafunzi kuhoji.

Mfano wa pili unarudi kwa Recorde. Katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1551, alijaribu kuwaeleza Waingereza maumbo kwa maneno ya Kiingereza chenyewe. Pembe iliyo ndogo kuliko pembe mraba aliiita pembe yenye makali. Iliyo kubwa zaidi aliiita pembe butu. Na mstari unaoligusa duara mahali pamoja tu aliuita mstari wa kugusa. Mwaka 1557, katika kitabu cha aljebra, alichoka kurudia maneno ya kueleza usawa, akaweka mahali pake mistari miwili midogo inayokwenda sambamba, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Alama hiyo ndiyo inayotumika leo katika kila daftari la hesabu duniani. Mwaka uliofuata Recorde alifia gerezani London.

Alama yake ilidumu, lakini maneno yake yalikufa. Kiingereza kilirudi kwenye Kilatini na kuchukua acutus na obtusus, maneno ambayo katika Kilatini yana maana zilezile za kuwa na makali na kuwa butu. Tofauti ni kwamba Mrumi aliposikia acutus alikiona kisu, ilhali mtoto wa Kiingereza aliposikia neno lililotokana nalo hakuona kitu. Alipaswa kulikariri. Sababu ya kufa kwa maneno ya Recorde haikuwa ubaya wake. Yalikosa taasisi iliyoyafundisha kizazi baada ya kizazi.

Taasisi hiyo ilipatikana katika mfano wa tatu, ule wa Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges. Mwaka 1585 alichapisha kwa Kiholanzi kijitabu kiitwacho De Thiende, ambamo alionyesha kwamba hesabu za sehemu, zilizowasumbua watu kwa karne nyingi, zinaweza kufanywa kwa urahisi uleule wa namba nzima endapo kila kizio kitagawanywa kwa kumi, na kumi kwa kumi. Aliwakusudia wanajimu, wapima ardhi, wapimaji wa mazulia na wa mapipa ya mvinyo, wasimamizi wa sarafu na wafanyabiashara. Desimali zilikuwa zimejulikana kabla yake, hasa miongoni mwa wanahisabati wa ulimwengu wa Kiislamu. Sifa ya Stevin katika Ulaya ni kuzitoa chumbani na kuzipeleka sokoni.

Stevin aliamini kwamba Kiholanzi kimeumbwa kufaa sayansi kuliko Kilatini na Kigiriki, kwa kuwa kina maneno mengi ya silabi moja ambayo huunganika kwa urahisi. Isimu ya leo haiwezi kuikubali hoja hiyo. Hakuna lugha iliyozaliwa na sayansi mdomoni, na hakuna iliyozaliwa bila uwezo wa kuieleza. Hata hivyo, hoja yake dhaifu ilizaa kazi imara. Hisabati aliiita wisconst, yaani sanaa ya mambo ya hakika, na hadi leo Waholanzi huiita wiskunde, ilhali majirani zao wengi wanatumia neno la Kigiriki. Mwaka 1600, kwa agizo la Maurits, lilianzishwa katika mji wa Leiden, kandokando ya chuo kikuu cha Kilatini, darasa la kufundisha wahandisi kwa Kiholanzi. Mtaala wake uliandaliwa na Stevin. Sababu iliyotolewa ilikuwa rahisi: mhandisi atakayesimamia ujenzi wa ngome atazungumza na wafanyakazi wake, na hatazungumza nao kwa Kilatini. Hapo ndipo maneno yalipopata walimu, wanafunzi na kazi ya kufanya. Hayakufa.

Galileo na Wasomaji Wake

Mwaka 1610 Galileo Galilei alitangaza kwa Kilatini aliyoyaona kwa darubini: milima ya mwezini, nyota zisizoonekana kwa macho, na miezi minne inayoizunguka Sumbula, ambayo wengi huiita Mshtarii. Alitaka habari hizo ziwafikie upesi wanazuoni wa Ulaya nzima, na ziliwafikia. Lakini alipoandika juu ya madoa ya jua, kazi iliyochapishwa mwaka 1613, alitumia Kitaliano. Katika barua ya mwaka 1612 alieleza sababu zake. Alisema kwamba wapo vijana wanaopelekwa vyuoni ili mradi waitwe madaktari au wanafalsafa, hata kama hawana kipaji. Na wapo wengine wenye kipaji ambao shughuli za familia huwazuia, nao huamini kwamba yaliyomo katika vitabu visivyosomeka kwao ni mambo makubwa mno. Yeye alitaka wajue kwamba maumbile, kama yalivyowapa macho ya kuona kazi zake, yamewapa pia akili ya kuzielewa.

Kitabu chake cha mwaka 1632, kilicholinganisha mfumo wa Ptolemaios na ule wa Copernicus, nacho kiliandikwa kwa Kitaliano, kwa mtindo wa mazungumzo. Mwaka uliofuata alihukumiwa mjini Roma. Sababu za kesi hiyo ni nyingi, za kidini, za kisiasa na za watu binafsi, wala si sahihi kuipunguza ikawa kesi ya lugha. Hata hivyo, mabishano yaliyokuwa ya wachache yalikuwa yamefika mikononi mwa kila Mtaliano ajuaye kusoma. Kitabu chake cha mwisho kikubwa, kilichochapishwa Leiden mwaka 1638, kinaanza kwa kulisifu boma la kujengea meli la Venisi na mafundi wake, kwamba kwao mwanafalsafa anapata mengi ya kutafakari. Ndani ya kitabu hicho mazungumzo ni ya Kitaliano, na sehemu ya uthibitisho wa kihisabati ni ya Kilatini. Lugha mbili zinakaa kitabu kimoja, kila moja na kazi yake.

Kilatini Chenyewe

Jambo hilo la mwisho linahitaji kusisitizwa, maana si haki kukifanya Kilatini kuwa adui wa maendeleo. Kilatini kilimwezesha mwanazuoni wa Poland asomwe Italia. Kazi za Dürer, Paré, Stevin na Galileo zote zilihitaji tafsiri ya Kilatini ili zivuke mipaka. Isaac Newton aliandika kitabu chake kikuu kwa Kilatini mwaka 1687, na kile cha mwanga kwa Kiingereza mwaka 1704.

Zaidi ya hayo, Kilatini nacho kiliwahi kuwa lugha isiyo na maneno. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, Cicero alipotaka kuandika falsafa ya Kigiriki kwa Kilatini, ilimlazimu aunde maneno kama qualitas, ambalo lilisikika geni masikioni mwa Warumi wenzake. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake waliitafsiri tiba ya Galen kwa Kisiria na Kiarabu. Katika karne ya 12, mjini Toledo, elimu hiyo ilitoka Kiarabuni ikaingia Kilatini, na neno aljebra likasafiri nayo. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, alipowafundisha Wataliano tarakimu za Kihindi, neno la Kiarabu sifr alilitamka zephirum, na kutoka hapo Wataliano wakapata zero. Waswahili walilipata neno hilohilo moja kwa moja kutoka Kiarabu, wakaliita sifuri. Kwa hiyo mtoto wa Lamu na mtoto wa Pisa wanahesabu kwa neno moja lililopita njia mbili. Lugha ya sayansi daima ni lugha iliyoazima, ikaunda, ikazoea.

Hitimisho: Kiswahili mbele ya Historia Hiyo

Historia hii haiwezi kupachikwa juu ya Afrika Mashariki kama ilivyo. Kiingereza cha leo si lugha isiyo na wenyewe kama Kilatini, na Kiswahili hakiishi katika karne ya 16. Lakini swali la msingi ni lilelile: nani atakuwa ndani ya mlango, na nani atabaki nje?

Jibu la kwamba Kiswahili hakina maneno limekwisha kupoteza nguvu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifisha istilahi nyingi. Baadhi ya maneno yaliyopendekezwa hayakukubalika; ngamizi lilishindwa na kompyuta, huku tarakilishi likipata makazi zaidi Kenya. Hilo si aibu. Mstari wa yai wa Dürer nao ulishindwa. Kinachoamua uhai wa istilahi ni matumizi, na matumizi makubwa ya istilahi yamo darasani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu nchini Tanzania ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia hadi sekondari na elimu ya juu, pamoja na kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza. Pendekezo hilo la lugha halikutekelezwa. Kamusi ikatangulia, darasa likakosekana; yakawa maneno ya Recorde bila darasa la Stevin.

Hasara yake inaonekana mahali padogo. Katika shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, mtoto husoma pembe kali na pembe butu. Ni taswira ileile aliyoitafuta Recorde mwaka 1551 kwa ajili ya Waingereza, nao wakaikosa. Mtoto huyo anakijua kisu cha jikoni kwao, anajua makali ni nini na ubutu ni nini, hahitaji kukariri. Akiingia kidato cha kwanza, pembe hizo hupewa majina mengine, naye huanza upya, akijifunza neno kwanza na kitu baadaye. Kujifunza neno hilo la pili ni faida kwake, kama Kilatini kilivyokuwa faida kwa Stevin, ambaye kijitabu chake cha desimali alikitafsiri mwenyewe kwa Kifaransa mwaka uleule kilipotoka. Hasara ni kunyang'anywa lile la kwanza, kwa sababu ndilo analoweza kufikiri kwalo, kubishana kwalo na, siku moja, kumsahihisha kwalo mwalimu wake.